Marekani haikutusaliti, ilipiga hesabu

Kuna tarehe mbili zinazofuatana ambazo kila kijana Mkenya anafaa kuzijua kwa pamoja.

24 Juni 2024: Rais Joe Biden anatia saini waraka wa kuifanya Kenya mshirika mkuu wa Marekani aliye nje ya NATO. Hakuna nchi nyingine kusini mwa Sahara iliyokuwa imepewa hadhi hiyo.

25 Juni 2024: vijana wanaingia Bungeni Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, polisi wanafyatua risasi za moto, watu wanakufa. Siku hiyohiyo kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kinatua Port-au-Prince, Haiti, kulinda raia wa huko dhidi ya magenge. Mfadhili mkubwa wa kazi hiyo ni Marekani.

Soma tena polepole. Huduma ileile ya polisi, ndani ya saa 48.

Wiki hiyo mtandaoni niliona kambi mbili. Kambi ya kwanza ilikuwa inautaja ubalozi wa Marekani kwenye kila posti: mko wapi, mbona mmenyamaza, si nyinyi ndio watu wa demokrasia? Kambi ya pili ilikuwa inacheka ya kwanza: beberu ni beberu, mlidhani atakuja kuwaokoa? Na tuseme ukweli, ubalozi haukunyamaza kabisa. Marekani na balozi nyingine za Magharibi zilitoa taarifa ya pamoja zikisema zimeshtushwa na yaliyotokea nje ya Bunge na zikataja hata madai ya watu kutekwa. Lakini hadhi ya mshirika mkuu ilibaki palepale, na Haiti iliendelea.

Mimi naona kambi zote mbili zinaruka swali muhimu. Marekani ina maadili yake, na si maigizo tu. Pia ina maslahi yake. Yakigombana, maslahi hushinda karibu kila mara. Yakielekea upande mmoja, mambo yaliyokwama miaka kumi yanaweza kusonga ndani ya wiki moja. Ukisoma historia yetu vizuri, unaanza kuona ni lini hayo mawili hukutana, na nani alijua kutumia nafasi hiyo. Hebu tuipitie.

Mahindi ya manjano

Nimezaliwa na kulelewa Mashuuru. Huku ukame si habari ya runinga. Nyanya yangu, sisi tunamwita koko, huhesabu miaka kwa ukame, na mwaka anaoutaja zaidi ni 1984. Ng'ombe waliisha. Kisha yakaja mahindi ya manjano kutoka Marekani, ambayo watu hawakuyapenda kwa sababu Mkenya alizoea mahindi meupe, lakini yalipikwa na yakaliwa. Siku moja nilimuuliza kama ulikuwa wema au biashara. Akaniambia: "Tulikula. Lakini hakuna mtu anatoa mbuzi bila kufikiria kesho ataomba nini."

Koko hajawahi kusoma sheria ya Marekani, lakini aliielewa vizuri. Mpango wao wa chakula cha msaada ulianza na sheria ya 1954, iliyotiwa saini na Rais Eisenhower. Wakulima wa Marekani walikuwa wanavuna nafaka nyingi kuliko soko lilivyoweza kununua. Serikali ikapata njia ya kuondoa ziada hiyo, kulisha wenye njaa na kutafuta marafiki wakati wa ushindani na Wasovieti. Tena sheria zao zikataka sehemu kubwa ya chakula hicho, angalau nusu, isafirishwe na meli zenye bendera ya Marekani. Mkulima wa kule anafaidika, mwenye meli anafaidika, na mtoto wa Kajiado anakula.

Huo ni wema au maslahi? Ni vyote viwili kwenye gunia moja. Ukitoa maslahi, huenda gunia lisifike. Ukitoa wema, hakuna sababu ya kulileta hapa badala ya kuliuza kwingine.

Mboya alijua kusoma kalenda ya watu

Sasa rudi nyuma kidogo, 1960. Kenya bado ni koloni la Mwingereza na haina chuo kikuu kamili chake. Tom Mboya, kijana wa miaka 29, ana orodha ya wanafunzi walioshapata nafasi katika vyuo vya Marekani, lakini hakuna pesa za ndege. Mwaka uliotangulia alikuwa amechangisha pesa za ndege ya kwanza kwa msaada wa watu kama Jackie Robinson, yule bingwa wa besiboli, na mwigizaji Sidney Poitier. Safari hii aliiomba serikali ya Marekani. Wizara yao ya Mambo ya Nje ikakataa. Mwingereza alikuwa mshirika wao, nao hawakutaka kumuudhi kwa kusomesha watu wa koloni lake.

Lakini 1960 ulikuwa mwaka wa uchaguzi Marekani. John F. Kennedy anapambana na Richard Nixon, na kura za Wamarekani weusi zinaweza kuamua majimbo. Mboya akaenda kumwona Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port. Wakfu wa familia ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Kambi ya Nixon iliposikia hivyo, Wizara ileile iliyokataa ikageuka ghafla na kusema nayo itatoa.

Wasee, ona hapo. Watoto wa Kenya hawakubadilika kati ya lile jibu la kwanza na la pili. Haki yao ya kusoma ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni hesabu ya mtu aliyekuwa anaamua. Kati ya 1959 na 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walisafiri kwa mpango huo. Mmoja wa waliosafiri 1960 alikuwa Wangari Maathai, aliyeenda kusoma Kansas na baadaye kushinda Tuzo ya Nobel ya Amani. Mboya hakwenda kulialia kuhusu maadili. Aliwapa maadili hayo mwaka ambao yangewaletea kura.

Miaka ya kimya

Halafu ikaja miaka ambayo hesabu ilitugeukia. 1979 Shah wa Iran aliangushwa na Wasovieti wakaingia Afghanistan. Marekani ikahitaji mahali pa kuegesha meli na ndege karibu na Bahari ya Hindi na Ghuba. 1980 Kenya ikakubali itumie bandari ya Mombasa na viwanja vya ndege. Kuanzia hapo Moi akawa rafiki wa thamani.

Thamani hiyo ilinunua nini? Ilinunua kimya. Juni 1982 Katiba ilibadilishwa, kifungu cha 2A kikaifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 kamatakamata ikaongezeka. 1986 msako wa Mwakenya ukapeleka wahadhiri, wanafunzi na waandishi kwenye vyumba vya chini vya Nyayo House, ambako watu walipigwa na kuwekwa ndani ya maji. Machi 1987, Moi akiwa ziarani Washington kuonana na Ronald Reagan, gazeti la Washington Post likachapisha habari za mateso hayo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hawakujua. Walijua, wakapiga hesabu, Mombasa ikashinda.

Hapa ndipo kambi ya pili inaposhangilia: si tuliwaambia! Ngojeni kidogo.

1990: dirisha linafunguka

Novemba 1989 Ukuta wa Berlin ulianguka. Vita Baridi vikawa vinaisha, na ghafla rafiki wa kuegesha meli hakuwa na thamani ileile. Wakati huohuo Rais George Bush, yule baba, alimtuma Nairobi balozi mpya, Smith Hempstone. Alikuwa mwanahabari, si mwanadiplomasia wa kazi, na hakujua kunong'ona. Mei 1990, kwenye mkutano wa Rotary hapa Nairobi, alisema wazi kwamba Bunge la Marekani linaanza kuelekeza misaada kwa nchi zinazojenga demokrasia na kuheshimu haki za binadamu. Siku hizohizo Kenneth Matiba na Charles Rubia walijitokeza hadharani kudai vyama vingi. Serikali ikaona ni njama.

Kilichofuata kinajulikana. Matiba na Rubia walitiwa kizuizini mwanzo wa Julai. Tarehe 7 Julai, Saba Saba, watu walielekea Kamukunji hata hivyo, na zaidi ya 20 wakauawa katika vurugu za siku hizo. Wakili Gibson Kamau Kuria alikimbilia ubalozi wa Marekani, akahifadhiwa, kisha akaondoka nchini. Fikiria: ubalozi wa nchi ileile iliyonyamaza 1987 sasa ni mahali pa wakili kulala salama.

Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris na kusimamisha misaada mipya kwa Kenya kwa miezi sita, wakitaka mageuzi ya uchumi na ya siasa. Siku chache baadaye, 3 Desemba, Moi aliwashangaza wajumbe wa KANU pale Kasarani kwa kuwaambia kifungu cha 2A kitaondolewa. Kabla mwezi haujaisha kikawa kimeondolewa.

Kuna watu husema Marekani ndiyo iliyotuletea vyama vingi. Hapana. Paris ilikuwa Novemba 1991, na damu ya Saba Saba ilikuwa imemwagika Julai 1990. Watu walikuwa wamefungwa na kuteswa tangu miaka ya themanini. Kama dirisha lingefunguka na nje hakuna mtu, upepo ungepita tu. Lakini pia tusijidanganye kwamba pesa za Paris hazikuwa na uzito. Watu walikuwa wanasukuma mlango kwa miaka, na siku ile aliyekuwa anauzuia kwa upande wa pili aliondoa bega lake.

Dirisha lilikaa wazi kwa muda gani? Si muda mrefu. Agosti 1992 Marekani ilianza kupeleka chakula Somalia kwa ndege kutoka Mombasa, na Desemba wanajeshi wake wakaingia Somalia wenyewe. Kenya ikawa ya kazi tena. Uchaguzi wa 29 Desemba 1992 ulifanyika baada ya vita vya kikabila Bonde la Ufa, Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, na maisha yakaendelea. Kisha 7 Agosti 1998 bomu la al-Qaeda likalipua ubalozi wa Marekani Nairobi. Watu 213 walikufa, na Wamarekani kati yao walikuwa 12. Tangu hapo neno ugaidi limekuwa juu ya kila mazungumzo yetu na Washington.

Hesabu iko kwenye nguo uliyovaa

Kama hii yote inaonekana ni stori ya wazee, angalia nguo zako.

Sheria ya AGOA ya mwaka 2000 iliruhusu nguo zinazoshonwa Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Vijana wengi wanaoishi Kitengela hulipa nyumba kwa mshahara wa viwanda vya EPZ Athi River, wakishona jinzi za soko hilo. Sheria hiyo ina masharti, na yameandikwa bila aibu: nchi iheshimu haki za binadamu, haki za wafanyakazi na utawala wa sheria. Sharti lingine: isifanye jambo la kudhoofisha usalama au maslahi ya sera ya nje ya Marekani. Maadili na maslahi, kifungu kimoja.

2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza mitumba hadi kuimaliza, ili viwanda vyetu vikue. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Kenya ikajitoa mapema kwenye mpango huo, kwa sababu ilikuwa na mengi ya kupoteza. Rwanda ilikaza, na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye AGOA. Kisha Januari 2024 Uganda ikaondolewa kabisa kwa sababu ya haki za binadamu. Ukiziweka kesi hizo mbili pamoja unaona fimbo ni ileile, iwe imebebwa na maadili au na maslahi. Na mwisho wa Septemba 2025 AGOA yenyewe ikaachwa iishe muda wake, huku fundi wa Athi River akiwa hajamkosea mtu yeyote.

Ili niwe wa haki: kuna wakati maadili yaliongoza. 2003 George W. Bush, yule mwana, alianzisha PEPFAR dhidi ya Ukimwi. Sijui meli gani au kura gani ungeweka kwenye mizani ikatosha kueleza mradi wa ukubwa huo. Zaidi ya Wakenya milioni moja wanaishi kwa dawa za ARV, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama ilitoka huko. Lakini Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa saini moja, kliniki zikafunga milango, na kufikia 1 Julai 2025 USAID haikuwepo tena. Hata wema wa kweli, kama uko kwenye bajeti ya mtu mwingine, unaweza kuisha asubuhi moja.

Na sisi je?

Kabla hatujamaliza kumsema Mmarekani, tujitazame. Februari 2025 kundi la RSF la Sudan lilifanya mkutano wake pale KICC, Nairobi, na kutia saini mkataba wa kuunda serikali yake. Mwezi mmoja kabla, Marekani ilikuwa imetangaza kwamba kundi hilo limefanya mauaji ya kimbari. Sisi tuliwapa ukumbi. Serikali yetu ilisema inatafuta amani. Msudani aliyekimbia Darfur alituona vipi? Bila shaka vile tulivyomwona Biden tarehe 24 Juni. Kumbe hesabu si ugonjwa wa Wazungu. Kila dola hupiga hesabu. Tofauti ni kama raia wake wanaikagua.

Kwa hiyo tufanye nini

Mtoto wa miaka 12 alipigwa risasi Rongai, kaunti yetu hii ya Kajiado, siku mbili baada ya Bunge kuvamiwa. Agosti 2024 wanaharakati watatu wa Kitengela walitekwa, wakaachiliwa baada ya mwezi mzima. Haya ndiyo yaliyo mezani. Siandiki ili tuonekane tumesoma. Naandika kwa sababu kujua ni nani wa kumtegemea, na kwa kiasi gani, kunaweza kuamua nani anarudi nyumbani.

Ninachosema ni hiki. Usingoje ubalozi wowote. 1987 walijua na hawakusema. Wakati huohuo usiwafungie mlango, kwa sababu 1990 mlango wa ubalozi huo ulimhifadhi mtu. Mwenzako akitekwa, kinachosaidia ni majina, tarehe, video na wakili anayefika mahakamani asubuhi ileile. Kesi ya watatu wa Kitengela haikusahaulika kwa sababu familia zao, mawakili na watu wa mtandaoni walikataa inyamaze, na mahakama ikabidi iendelee kumwita mkuu wa polisi ajieleze. Ushahidi huo pia ndio humfikia mbunge wa Marekani anayetaka sababu ya kuzuia silaha au pesa. Hiyo ni kazi tunayoweza kufanya sisi.

Tena tusome kalenda yao kama Mboya. Wana uchaguzi lini? Mkataba gani unaisha? Kamati gani inajadili Kenya? Vitu hivyo viko wazi mtandaoni, bure, na sisi ndio kizazi chenye bando. Serikali yetu inalipa watu Washington kuwasemea viongozi. Raia wenyewe tunaenda na hashitagi.

Mwisho, tuhesabu maslahi yetu wenyewe. Kama Mombasa, Manda na Haiti zina bei, basi bei hiyo ijadiliwe Bungeni mbele ya watu, na ndani yake kuwe na sharti kwamba bunduki na mafunzo yanayoletwa kwa ajili ya magaidi hayatageuzwa kwa watoto wa Rongai. Rafiki mwenye hesabu si lazima awe mbaya. Mbaya ni kwenda kwake bila kalamu.

Kama mzazi au nyanya wako anakumbuka mahindi ya 1984 au Saba Saba, muulize leo jioni, umrekodi. Mambo mengine hayako kwenye kitabu chochote, na wao hawatakuwepo milele.